Kwa nini pikipiki za zamani za Uingereza zilivuja oili?

Ukiikuta Triumph Bonneville ya miaka ya 1960 imeegeshwa, tazama chini yake: mara nyingi utaona doa la oili. Wengi husema Waingereza walikuwa wazembe kiwandani. Naona lawama hiyo haiwatendei haki, maana chanzo kikubwa ni umbo la injini, nalo lilitoka kwenye mchoro wa 1937.

Mwaka huo Triumph ilitoa Speed Twin ya cc 498, kazi ya Edward Turner. Silinda mbili zimesimama bega kwa bega, na pistoni zake hupanda pamoja na kushuka pamoja. Silinda hizo hupokezana kuwaka, moja kwa kila mzunguko wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), hivyo mvuto wake hauna kigugumizi na kabureta moja inatosha. Gharama yake ni mtikisiko, kwa kuwa pistoni zote mbili zinarushwa upande mmoja kwa wakati mmoja. Halafu ganda linalobeba kranki ni vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, vilivyokazwa kwa bolti. Mshono wake unapita hadi chini kabisa ya injini, kule kule oili inakoteremkia, na mtikisiko huo huulegeza. Juu yake kuna mirija ya pushirodi (fito zinazosukuma vali zifunguke), iliyozibwa kwa mipira ambayo joto huikausha.

Kwenye cc 498 mambo yalivumilika. Lakini Bonneville ya 1959 ilifika cc 649, na ya 1973 ikafika 744, mifupa ikiwa ile ile. Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe.

Wajerumani walikuwa na jibu tayari. BMW R5 ya 1936 ililaza silinda huku na huku, pistoni zikaenda pande tofauti na kufutiana mtikisiko. Ganda lake ni kipande kimoja mithili ya handaki, bila mshono wa katikati.

Honda CB750 ilipotoka 1969, ilikuja na silinda nne: pistoni mbili zikipanda, mbili zinashuka. Ganda limegawanywa juu na chini, kwa hiyo sehemu ya chini ni nzima. Kamshafti, yaani shafti inayofungua vali, iko juu, hivyo mirija ya pushirodi haipo.

Ila mshono wa wima peke yake si hukumu. Honda CG125 ya 1976, ambayo nakala zake za Kichina zimebeba abiria wengi wa bodaboda Afrika Mashariki, ina ganda la kushoto na kulia na pushirodi pia. Silinda yake ni moja, ndogo, na nyuso zinazokutana zikichongwa sawasawa, gasketi huzuia oili vizuri.

Triumph yenyewe ilipoirudisha Bonneville mwaka 2001, safari hii ya cc 790, pistoni ziliendelea kupanda pamoja. Kilichoongezwa ndani ni shafti mbili za kusawazisha mtikisiko.