Sare, Sabato na Rasta: Ustahimilivu wa Shule Husomwa Kwenye Kanuni Zake

Shule nyingi za sekondari nchini Kenya huhubiri kuheshimiana kwenye gwaride la Jumatatu, kisha Jumanne mwanafunzi akazuiwa langoni kwa sababu ya kitambaa alichojifunga kichwani. Kazi yangu ni kuwafunza walimu wakuu na wajumbe wa bodi za usimamizi namna ya kuandika kanuni za shule, na ninashikilia kwamba ukitaka kujua shule inawastahi vipi watu wa imani na desturi mbalimbali, uache kaulimbiu iliyochorwa ukutani na usome ile karatasi ya kanuni anayokabidhiwa mzazi pamoja na orodha ya sare na ada.

Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi inayoitaja ni dini, dhamiri, imani, utamaduni, lugha na hata mavazi. Huo usio wa moja kwa moja ndio unaotuponyoka walimu. Kanuni isemayo "hakuna mwanafunzi atakayefunika kichwa" haimtaji mtu yeyote na inawahusu wote, ila uzito wake unamwangukia mtu kama msichana Mwislamu, kwa sababu wenzake wengi hawana cha kupoteza wakiitii.

Suala hilo lilifika mahakamani kupitia shule moja ya kutwa kaunti ya Isiolo, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti. Mwaka 2014 kiongozi wa kaunti aliomba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe, na kanisa likashtaki likidai kwamba kufanya hivyo ni kuwapendelea. Mahakama Kuu ililikubalia mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikapindua uamuzi huo, ikieleza kwamba kanuni iliyo sawa kwa maneno inaweza kubagua kwa matokeo yake. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikautengua uamuzi wa rufaa, hasa kwa sababu dai la hijabu lilikuwa limeingizwa kesini na mhusika asiye mlalamishi, kinyume cha utaratibu. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mwisho usioridhisha: walimu wakuu wengi walibaki wakiamini kwamba shule imepewa ushindi, ilhali kiini cha jambo hakikuwa kimekatwa.

Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimtetea msichana aliyeondolewa shuleni kwa ajili ya rasta zake, ikisema kwamba Urastafari ni imani inayolindwa kama nyingine.

Kesi ninayoipenda zaidi kwa kufundishia, hata hivyo, ni ile ya Waadventista Wasabato. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi wao wasilazimishwe kuhudhuria masomo tangu Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua. Inanifaa kwa sababu inatutoa kwenye mabishano ya nguo na kutupeleka kwenye ratiba, ambako naibu mwalimu mkuu akikaa na kalamu yake hugundua kwamba somo la ziada la Jumamosi asubuhi lingeweza kufanyika Jumapili alasiri bila mtu yeyote kuumia.

Ninapopitia kanuni na bodi, huuliza kila kanuni inalinda nini na ni nani anayeigharimia. Iliyokataza kufunika kichwa huandikwa upya hivi: "Mwanafunzi anayefunika kichwa kwa sababu ya imani atatumia kitambaa cha rangi ya sare, na atakichomeka vizuri akiwa maabara." Nusu ya mwisho hutokana na walimu wa kemia, nao wana haki, maana kitambaa kinachoning'inia karibu na moto ni hatari kwa yeyote.

Pingamizi sikosi. Wako wanaosema shule ya kanisa ina haki ya kulinda misingi yake, nami huwakumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayompa mdhamini jukumu la kukuza maisha ya kiroho, inamtaka papo hapo alinde imani za wengine. Wako pia wanaohofu kwamba ukimruhusu mmoja, kesho kila mtu atakuja na dini yake mpya. Hofu hiyo siidharau, maana mwalimu mkuu mwenye wanafunzi elfu moja hawezi kuamua mambo langoni kila asubuhi. Ndiyo sababu ninasisitiza maombi ya kuruhusiwa kutofuata kanuni fulani yapokewe kwa maandishi kutoka kwa mzazi wakati wa kujiunga, yajibiwe na bodi kabla ya muhula kuanza, na sababu ya kukataa iandikwe. Shule isiyoweza kuandika sababu yake bila kutaja "mila ya shule yetu" kwa kawaida huishia kukubali.