"Mwalimu, Timu Gani Inabeba Makombe?" Dhana Potofu Kuhusu Kushabikia Besiboli

Mzazi akishamwandikisha mtoto kwenye mazoezi yetu, swali la kwanza huwa la viatu na glavu. La pili, karibu kila mara, ni hili: "Mwalimu, timu gani inachukua kombe sana, na sisi tuishike?" Nafundisha besiboli watoto hapa Pittsburgh, wengi wao wa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, na swali hilo nimelisikia kwa Kiswahili cha kila lafudhi. Najibu, mzazi anaitikia kwa heshima, na wiki inayofuata mtoto anakuja na jezi mpya ya Dodgers, timu ya Los Angeles. Sasa naliandika jibu langu lote, asiyenielewa kiwanjani anielewe hapa.

"Ushabiki ni kushika timu inayoshinda"

Naelewa dhana hii inatoka wapi. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, tangu Azam wachukue ubingwa msimu wa 2013/14 hadi msimu wa 2024/25, kombe halikutoka tena nje ya Simba na Yanga. Mtu anayetaka raha ya ubingwa anajua pa kwenda. Besiboli haiendi hivyo hata kidogo, na anayeingia na hesabu za Kariakoo huwa ameshakata tamaa kabla ya Juni.

Anza na wingi wa mechi. Ligi kuu ya Marekani, MLB, ina timu 30, na kila moja hucheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Hiyo ni karibu kila siku. Timu ikishinda mechi 100 watu huusifu msimu wake kwa miaka, na bado imepoteza 62. Chicago White Sox wa mwaka 2024 walipoteza mechi 121, kuliko timu yoyote katika zama hizi za besiboli, na bado walishinda 41. Kwa hiyo hakuna timu itakayokufurahisha kila ukifungua redio, wala hakuna itakayokunyima furaha msimu mzima. Mzazi anayeniuliza "timu isiyofungwa" anaulizia kitu ambacho hakipo.

Halafu njoo kwenye mtoano, maana hapo ndipo kombe linapotolewa. Tangu 2022 timu 12 huingia, na raundi ya kwanza ni mechi tatu tu, mwenye mbili anapita. Baada ya miezi sita ya kucheza kila siku, mrushaji mmoja, yule anayemrushia mpigaji mpira, akiamka vibaya timu imekwenda nyumbani. Tazama mwaka 2023. Atlanta Braves walimaliza msimu na ushindi 104, Baltimore Orioles 101, Dodgers 100. Vigogo hao watatu, kwa pamoja, walishinda mechi moja tu kwenye mtoano. Waliocheza fainali, yaani World Series, ni Texas Rangers waliokuwa na ushindi 90 na Arizona Diamondbacks waliokuwa na 84. Rangers wakachukua, ikawa mara yao ya kwanza katika historia yao yote. Au nenda nyuma hadi 2001: Seattle Mariners walishinda mechi 116, wakatolewa na Yankees wa New York hatua moja kabla ya fainali. Mpaka msimu wa 2025 unaisha, Mariners walikuwa hawajawahi kucheza World Series hata mara moja tangu waanzishwe mwaka 1977.

"Lakini Dodgers, mwalimu!" Ndiyo, Dodgers walibeba 2024, wakabeba tena 2025. Walikuwa timu ya kwanza kutetea ubingwa tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Robo karne nzima ilipita hakuna aliyerudia. Ukiichagua timu kwa sababu hiyo, umeichagua kwa jambo ambalo besiboli yenyewe huligawa kwa shida sana.

Kinachoniuma zaidi ni mtoto. Katika mchezo huu mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi anaheshimiwa ligi nzima. Mara saba anarudi benchi mikono mitupu, na hao ndio wanaolipwa mamilioni. Mtoto aliyefundishwa sebuleni kwamba kupoteza ni aibu na kwamba timu ikipoteza unaihama, anashika gongo la kupigia huku mikono inatetemeka. Akikosa mara mbili anataka kuacha. Namwona kila msimu, na najua maneno aliyoyasikia nyumbani kabla hajaniambia. Wazazi, tafadhalini: chagueni timu mnayoweza kuipenda Jumanne ikiwa imepigwa 9 kwa 1.

Jiji letu linalijua hilo. Pirates, timu ya hapa Pittsburgh, walichukua ubingwa mara ya mwisho mwaka 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012 walimaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Watoto walizaliwa, wakamaliza sekondari, hawajauona hata msimu mmoja wenye ushindi mwingi. Halafu ikaja Oktoba 1, 2013, mechi moja ya mtoano dhidi ya Cincinnati, watu zaidi ya elfu 40 wakiwa PNC Park, uwanja wa Pirates. Uwanja mzima uliimba jina la mrushaji wa wageni, Johnny Cueto, kwa kumkebehi. Mpira ukamponyoka mkononi ukadondoka chini. Mpira uliofuata Russell Martin wa Pirates aliupiga ukatoka nje ya uwanja. Pirates walishinda 6 kwa 2, na mpaka leo mtu mzima wa hapa akikusimulia usiku ule sauti inabadilika. Raha ile haikumfikia aliyejiunga siku hiyo asubuhi kwa kuwa timu imeingia mtoano. Iliwafikia waliokaa miaka 20.

Basi uchague kwa kigezo gani? Ushauri wangu haujabadilika: chagua kwa redio na kwa saa. Besiboli na redio vimelelewa pamoja. Mechi ya kwanza ya ligi kuu kutangazwa redioni ilitoka hapahapa Pittsburgh, Agosti 5, 1921, kituo cha KDKA, Pirates na Phillies wa Philadelphia. Mtangazaji wa timu yako utamsikia kila siku kwa miezi sita, akikueleza mrushaji anafikiri nini, upepo unavuma kuelekea wapi, yule kijana mpya katokea wapi. Sikiliza timu tatu au nne kwa mwezi mmoja. Ile ambayo mtangazaji wake unamkumbuka ukiwa jikoni ndiyo yako. Jezi isubiri.

Ukiwa hapa Marekani, timu ya jiji unaloishi ina faida kubwa, kwa kuwa jirani, dereva wa basi na mwalimu wa mtoto wote wanaizungumzia. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, tazama saa yako kwanza. Mechi ya saa 1 usiku New York au Pittsburgh inaanza saa 8 usiku kwenu. Hiyo ni ya mlinzi wa zamu. Mechi ya saa 1 usiku Los Angeles, San Diego au Seattle ni saa 11 alfajiri kwenu, unaisikiliza ukijiandaa kwenda kazini. Na kuna Chicago Cubs, ambao ndio ninaowapendekeza zaidi kwa ndugu walioko nyumbani. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi Agosti 1988, na mpaka sasa wanacheza mchana kuliko wengine. Mechi inayoanza saa 7 na dakika 20 mchana pale ni saa 3 na dakika 20 usiku kwenu, na kabla au karibu na saa 6 imekwisha. Nao Cubs walikaa miaka 108 bila ubingwa, kutoka 1908 hadi 2016, mashabiki wao wakijaza uwanja. Kama kombe ndiyo sababu ya ushabiki, watu wale walikuwa wanafuata nini?

"Mwenye hela ndiye bingwa"

Fedha inasaidia, sitamdanganya mtu. MLB haina kikomo kamili cha mishahara, ina kodi tu kwa wanaozidisha, na pengo kati ya Dodgers na timu kama yetu linaonekana wazi. Lakini mwaka 2023 New York Mets walikuwa na mishahara mikubwa kuliko timu yoyote kabla yao, wakamaliza na ushindi 75 na vipigo 87, wakawauza warushaji wao wawili wa bei mbaya katikati ya msimu. Kwa upande mwingine, timu dhaifu hazishuki daraja, na hupewa nafasi za mbele za kuchagua vijana. Pirates walimpata Paul Skenes hivyo mwaka 2023. Mwaka 2025 akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa National League, moja ya kanda mbili za MLB.

"Nina kofia ya Yankees, basi mimi ni Yankees"

Kofia yenye herufi N na Y zilizosukwa pamoja imejaa kwenye mitumba kuanzia Gikomba hadi Mchikichini. Ivae, ni kofia nzuri. Ila haijakupa timu. Na ukija New York ukumbuke jiji hilo lina timu mbili. Muulize mtu wa Mets kuhusu kofia hiyo utamsikia.

"Mechi haiishi"

Hii ilikuwa na ukweli zamani. Tangu 2023 kuna saa ya kumbana mrushaji: sekunde 15 kama hakuna mkimbiaji kwenye besi, vile vituo anavyokimbilia mpigaji. Wastani wa mechi ya awamu tisa ulishuka mwaka huohuo kutoka zaidi ya saa 3 hadi kama saa 2 na dakika 40. Anayerudia lawama hii hajatazama mechi karibuni.

"Mchezo huu si wa watu wetu"

Hapa uvumilivu wangu unaisha. Septemba 1, 1971, Pirates waliingiza uwanjani wachezaji tisa wa kuanza ambao wote walikuwa weusi au wa asili ya Amerika ya Kilatini, mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, na mwezi uliofuata wakawa mabingwa. Aprili 26, 2017, hapahapa PNC Park, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza MLB. Mara yake ya kwanza kusimama kupiga alifika besi ya kwanza. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, kwenye jimbo letu hili la Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, mji wa Uganda, wakaja, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Baadaye Pirates walimsajili mrushaji David Matoma, Mganda. Mzazi akiniambia mtoto wake "anaiga tu Wamarekani," namtajia majina haya.

"Ukishachagua huruhusiwi kuhama"

Timu zenyewe zinahama. Dodgers waliiacha Brooklyn baada ya msimu wa 1957, Expos waliiacha Montreal baada ya 2004, na Athletics waliondoka Oakland mwaka 2024 wakaenda kucheza West Sacramento wakisubiri Las Vegas. Watu wa Oakland hawakuulizwa. Wewe ukihama mji, ukahama na timu, hakuna uliyemsaliti. Na mtoto akitaka kuifuata timu tofauti na ya baba yake kwa sababu amempenda mchezaji mmoja, mwacheni aifuate, mradi aisikilize na siku inazopoteza.