Marudio ya vipindi: jinsi kadi za kukariri kwenye simu zinavyomsaidia anayejifunza Kichina

Marudio ya vipindi ni mbinu ya kukariri ambapo unachokikumbuka hurudishwa kwako baada ya muda mrefu zaidi kuliko mara iliyopita, na unachokisahau hurudi upesi. Kinachorudishwa ni kadi: swali mbele, jibu nyuma. Zamani kadi hizo zilikuwa za karatasi. Siku hizi zimo kwenye simu, na programu ndiyo inayoshika hesabu ya tarehe hata kadi zikiwa maelfu. Kazi ya mwanafunzi ni kutazama swali, kujibu, kugeuza kadi, kisha kubonyeza kitufe kinachosema amekumbuka kwa kiasi gani.

Mbinu hii ina historia ndefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yana faida kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieneza mtindo wa visanduku, ambapo kadi uliyoijua husogea kwenye kisanduku kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na uliyoisahau hurudi kisanduku cha kwanza. Piotr Woźniak wa Poland aliihamishia hesabu hiyo kwenye kompyuta mwaka 1987 kwa kanuni iitwayo SM-2, na juu ya kanuni hiyo ikajengwa Anki, programu aliyoitoa Damien Elmes mwaka 2006. Kwa Kichina kuna pia Pleco, iliyoanza mwaka 2000 kama kamusi ya vifaa vya mkononi vya Palm na sasa iko kwenye simu za Android na iPhone. Ndani ya Pleco, neno ulilolitafuta unaligeuza kadi kwa kugusa alama ya kujumlisha, na hilo linaokoa muda mwingi.

Hesabu iliyo nyuma ya kitufe

Katika Anki yenye mipangilio yake ya awali, kadi mpya huonekana, hurudi baada ya dakika chache, na ukiipata tena husogezwa hadi kesho. Kuanzia hapo, chini ya kanuni ya zamani (SM-2), kila ukijibu “sawa” muda huzidishwa kwa 2.5. Kwa hiyo kadi huja takriban baada ya siku 1, kisha 3, 8, 20, 50, 125. Ukiangalia mfululizo huo utaelewa kwa nini neno moja linaweza kukaa kichwani mwaka mzima kwa marudio yasiyofika kumi.

Vitufe viko vinne: nimesahau, kwa shida, sawa, rahisi. Kinachowaangusha wengi ni cha pili. “Kwa shida” maana yake umekumbuka, ila kwa kujikamua. Mtu aliyesahau kabisa akaona haya kubonyeza “nimesahau” huidanganya programu: inaipeleka kadi mbele wakati kichwani hamna kitu. Isitoshe, katika kanuni hiyo ya zamani kila “kwa shida” hupunguza kizidishi kwa 0.15, na kila “nimesahau” hukipunguza kwa 0.20, hadi kifikie sakafu ya 1.3. Kadi iliyofika sakafuni inakurudia kila mara hata baada ya kuijua vizuri, na mzigo wa kila siku huvimba bila sababu unayoiona.

Tangu mwaka 2023 Anki ina kanuni nyingine, FSRS, unayoweza kuiwasha kwenye mipangilio ya fungu la kadi. Hii hujifunza kutokana na kumbukumbu za majibu yako, na badala ya kizidishi unaiambia unataka kukumbuka asilimia ngapi ya kadi siku zinapokuja. Kiwango cha awali ni 90. Kiache hapo. Kukipandisha hadi 97 kunasikika kama bidii, lakini kadi zitakuja mara nyingi mno kwa ajili ya asilimia hizo chache za mwisho, na muda huo ungetosha kusoma kurasa kadhaa za Kichina halisi.

Neno moja la Kichina ni mambo matatu

Anayesoma Kiswahili akikutana na neno asilolijua, angalau analitamka. Hanzi, yaani alama ya maandishi ya Kichina, haikupi nafasi hiyo. Kila neno lina sura, sauti pamoja na toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana), na maana, na unaweza kujua mawili huku la tatu likikupiga chenga. Ndiyo maana kadi ya Kichina iliyotungwa ovyo huchosha kuliko kadi ya lugha nyingine. Programu hupanga wakati tu. Swali unalitunga wewe, na swali bovu litabaki bovu hata likija siku barabara.

Tuchukue neno 便宜, piányi, yaani rahisi kwa bei. Kosa la kwanza ni kutengeneza kadi ya 便 peke yake. Hanzi hiyo husomwa pián katika 便宜, lakini husomwa biàn katika 方便, fāngbiàn, “-enye kufaa, bila usumbufu”. Kadi yenye 便 tupu ina majibu mawili, na utajilaumu kwa kutoa lile ambalo siku hiyo halikutakiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa 行, ambayo ni háng katika 银行 (benki) na xíng katika 行李 (mizigo ya safari), na kwa 长, ambayo ni cháng ikimaanisha ndefu na zhǎng ikimaanisha kukua. Weka neno zima, na chini yake sentensi fupi: 这本书很便宜, kitabu hiki ni cha bei nafuu. Sentensi inakupa pia 本, neno la kuhesabia vitabu, bila kulitafutia kadi yake.

Kutokana na maelezo hayo ya neno moja, Anki inaweza kuzaa kadi kadhaa. Unajaza sehemu tano tu: hanzi, pinyin (matamshi kwa herufi za Kilatini), sauti, maana, sentensi. Kisha unaiambia itoe kadi ya kusoma (mbele hanzi, nyuma vyote vilivyobaki) na kadi ya kusikiliza (mbele sauti tupu). Ya tatu, ya kutoka maana kwenda Kichina, ndiyo ngumu na ndiyo inayovunja watu moyo, kwa sababu maana moja ina maneno mengi. Mbele ukiandika “kuweza”, jibu ni 能, 会, au 可以? Yote matatu yanafaa, na kadi itakuhukumu kwa moja. Andika mbele sentensi inayobana jibu: “Sijui kuogelea”, 我不＿游泳. Hapo jibu ni 会, linalobeba ujuzi wa kujifunza, kama Kiswahili kinavyosema kujua kuogelea. Kwa hiyo andika maana kwa Kiswahili. Mafungu mengi yaliyotengenezwa tayari yana maana za Kiingereza, na kupita kwenye lugha ya pili ili kufika ya tatu kunapoteza tofauti ambazo ungeziona moja kwa moja.

Usiweke pinyin upande wa mbele pamoja na hanzi. Jicho huenda kwenye herufi za Kilatini lilizozizoea na kuiruka hanzi kabisa. Baada ya miezi unakuta unasoma pinyin vizuri na hanzi hazikuingia. Hatari ni hiyo hiyo kwa rangi za toni, yaani kila toni kupewa rangi yake: ni msaada mzuri nyuma ya kadi, lakini zikiwa mbele zinakunong’oneza jibu.

Pinyin nayo haitoshi bila sauti. Herufi ni zile zile tulizozoea, matamshi siyo. Tofauti ya b na p katika pinyin ni pumzi: p hutoka na pumzi nyingi, b haina pumzi na wala haina mngurumo wa b yetu. Vivyo hivyo d na t, g na k. C ni kama ts yenye pumzi. Sauti iliyorekodiwa na mtu ni bora. Ukikosa, sauti ya kompyuta iliyomo kwenye simu inafaa kwa maneno kamili na sentensi. Usiitegemee kwa hanzi moja yenye usomaji zaidi ya mmoja, maana itachagua yenyewe.

Kuna mtego mwingine hapa. 你好 huandikwa nǐ hǎo, lakini toni ya tatu ikifuatwa na toni ya tatu, ile ya kwanza husemwa kama ya pili, kwa hiyo sauti itasema ní hǎo. 不 ni bù, ila mbele ya toni ya nne huwa bú, kama katika 不是. Acha pinyin katika toni ya asili, kwa sababu ndivyo kamusi zinavyoandika, na ongeza neno moja nyuma ya kadi kukumbusha badiliko. La sivyo utajihesabia kosa kila ukisema sawasawa na sauti iliyorekodiwa.

Kadi zinazonata kama ruba

Kadi ikisahauliwa mara 8 baada ya kuwa umeshaijua, Anki huiwekea alama, na kulingana na mipangilio yako inaweza kuisimamisha. Kadi kama hiyo hunyonya muda kama ruba anavyonyonya damu. Watu huirudisha kazini vile vile ilivyokuwa, na inaanza upya kunyonya. Tafuta kwanza kinachogongana nayo. Kwenye Kichina mara nyingi ni sura: 买 (kununua) na 卖 (kuuza), 未 na 末, 己 na 已. Kuzikariri moja moja hakusaidii, kwa sababu kinachokosekana ni tofauti baina yake. Tengeneza kadi moja inayoweka zote mbili ubavu kwa ubavu na kuuliza ipi ni ipi: katika 未 mstari wa juu ni mfupi, katika 末 ni mrefu.

Wakati mwingine dawa ni kuzivunja hanzi vipande. Hanzi nyingi zina sehemu inayodokeza maana na nyingine inayodokeza sauti. 青, qīng, imo katika 清 qīng (safi, angavu, ina maji), 请 qǐng (kuomba, ina usemi), 情 qíng (hisia, ina moyo) na 晴 qíng (anga kutakata, ina jua). Mtu aliyeona familia hiyo mara moja hahitaji kupigana na kila mwanafamilia.

Mambo ya simu yenyewe

Simu isiyo na Kichina kwenye orodha yake ya lugha inaweza kukuonyesha hanzi kwa sura ya Kijapani, kwa kuwa Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye vifaa, umezipa sura hizo mbili namba moja. Angalia 直 na 骨: zikitofautiana na kamusi yako au kitabu chako, tatizo ndilo hilo. Ongeza Kichina Rahisi, yaani cha hanzi zilizorahisishwa, kama lugha ya pili kwenye mipangilio ya simu. Kwenye kiolezo cha kadi ya Anki, zungushia sehemu ya hanzi alama ya HTML iitwayo div yenye lang="zh-Hans". Anayejifunza hanzi za jadi aandike zh-Hant.

Ukitumia simu na kompyuta kwa akaunti moja, sawazisha kabla ya kuacha kifaa kimoja na kabla ya kuanza kwenye kingine. Siku programu itakapouliza ipakie au ipakue yote, maana yake upande mmoja utafutwa. Jua kwanza marudio ya karibuni yako wapi, kisha uchague.

Kuandika kwa kidole kwenye kioo kunawezekana. AnkiDroid, yaani Anki ya simu za Android, ina ubao wa kuchora juu ya kadi, na programu ya Skritter hukagua hata mpangilio wa mistari. Lakini kadi ya kuandika hula muda mara kadhaa wa kadi ya kusoma. Kwenye simu na kompyuta Wachina wenyewe kwa kawaida huchapa pinyin na kuchagua hanzi, yaani wanaitambua. Kama hukabiliwi na mtihani unaodai mwandiko, weka kadi za kuandika kwa hanzi za kawaida sana tu.

Mzigo wa kila siku

Idadi ya kadi mpya ndiyo inayoamua kama utafika mbali. Kwa kawaida marudio ya siku hutulia kwenye mara saba hadi kumi ya kadi mpya. Kadi 20 mpya, ambazo ndizo mpangilio wa awali wa Anki, zitazaa takriban kadi 140 hadi 200 kwa siku baada ya wiki kadhaa. Kadi moja ikichukua sekunde 8, kadi 150 ni dakika 20, na kadi za hanzi mara nyingi huchukua zaidi. Kumbuka pia kwamba neno lenye kadi tatu linahesabiwa mara tatu, hivyo kadi 20 ni maneno yasiyofika saba. Washa mpangilio wa kuahirisha kadi ndugu (zilizotoka kwenye neno moja), ili ya kusikiliza isije dakika tano baada ya ya kusoma ikiwa na jibu bado mbichi.

Orodha ya mwaka 2010 ya HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, ilikuwa na maneno 150 ngazi ya kwanza na 5,000 ngazi ya sita. Viwango vilivyotolewa mwaka 2021 viliweka maneno 11,092 kwa ngazi tisa. Anayeanza aweke maneno matano mapya kwa siku, aone baada ya mwezi kama anamaliza marudio bila kujilazimisha, ndipo aongeze.

Ukikosa siku kadhaa na kukuta kadi 600 zimerundikana, usifute maendeleo wala usianze upya. Weka kadi mpya kuwa sifuri, jiwekee kikomo cha kadi 100 au 150 kwa siku, na uzipange ili zile zenye muda mfupi zije kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazosahaulika upesi. Zile za miezi sita zinaweza kusubiri wiki nzima bila hasara kubwa. Rundo likiisha, rudisha kadi mpya mbili au tatu, siyo ishirini.