Dozi ya Dawa Baada ya Kupandikizwa Figo: Kreatinini Peke Yake Haitoshi

Mtu aliyepandikizwa figo huondoka wodini na dawa nyingi, na baadhi yake hutolewa mwilini na figo ile ile mpya. Dozi ikizidi uwezo wa figo hiyo, dawa hulimbikizana katika damu na kudhuru. Ikipunguzwa mno kwa hofu, mgonjwa hukosa kinga aliyokusudiwa. Huduma ya kupandikiza figo ilianza kutolewa Tanzania Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Wagonjwa wanaofuatiliwa hapa nchini, wakiwemo waliopandikizwa India, wana haki ya kuelewa namba wanazosomewa kliniki.

Namba inayotajwa zaidi ni kreatinini, taka inayotokana na misuli na kuchujwa na figo. Kwa kuwa chanzo chake ni misuli, namba moja inaweza kuwa na maana mbili. Tuchukue wagonjwa wawili ambao kreatinini yao ni mikromoli 110 kwa lita, mmoja akiwa mwanamume wa miaka 30 mwenye kilo 80, na mwingine mama wa miaka 55 mwenye kilo 48, aliyekonda katika kipindi kirefu cha kusafishwa damu. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria uwezo wa figo kuchuja, huanza na 140, hutoa umri, huzidisha kwa uzito, kisha kwa 1.23 kwa mwanamume au 1.04 kwa mwanamke, na mwisho hugawanya kwa kreatinini. Kwa hesabu hiyo, kijana hupata takriban mililita 98 kwa dakika, na mama takriban 39. Wote wawili wakihitaji valgansikloviri ya kuwakinga dhidi ya virusi vya saitomegalo, kijana atameza miligramu 900 kila siku, ilhali mama atameza 450 siku moja na kuruka inayofuata, yaani robo tu ya dozi ya mwenzake. Akipewa dozi ya kijana, chembe zake nyeupe za damu zinaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha.

Kanuni zote za aina hii hudhani kwamba kreatinini imetulia, jambo ambalo si kweli katika siku za kwanza baada ya upasuaji. Kreatinini inayoshuka kutoka 700 hadi 400 ndani ya siku moja huonyesha figo inayofanya kazi vizuri kuliko hesabu inavyosema. Inayopanda kwa kasi huficha figo iliyokwisha kudhoofika. Hapo daktari hutazama mwelekeo wa majibu na wingi wa mkojo kabla ya kuamini kanuni yoyote, na figo inapoimarika ni lazima dozi iliyopunguzwa ipandishwe, kwani dozi pungufu inayoachwa hivyo huwapa virusi nafasi ya kuzaliana na hata kuzoea dawa.

Kwetu Waafrika lipo jambo jingine. Kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2009, nayo ya kukadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini, iliongeza takriban asilimia 16 kwa kila mtu mweusi, kwa kuegemea takwimu za Marekani. Nyongeza hiyo iliondolewa mwaka 2021, na nadhani ilichelewa. Maabara inayoendelea kuitumia inaifanya figo ionekane bora kuliko ilivyo, na dozi hupanda bila sababu.

Dawa zenyewe pia huvuruga vipimo. Kotrimoksazoli, inayotolewa kuzuia nimonia, inaweza kupandisha kreatinini bila kuathiri uchujaji, na prednisoloni hupandisha sistatini C, kipimo kingine cha damu ambacho wengi hukiona mbadala bora wa kreatinini. Hata hivyo, kreatinini inayopanda isihusishwe na dawa hizi mpaka dalili za mwili kuikataa figo zichunguzwe.

Takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, hupangwa kwa njia tofauti kabisa. Huvunjwavunjwa na ini, hivyo dozi yake hufuata kiwango kilichomo katika damu, ingawa kiwango hicho kikizidi figo ndiyo inayoumia. Klarithromaisini ya bakteria na flukonazoli ya fangasi hukipandisha, rifampisini ya kifua kikuu hukishusha, na zote huongezwa au kusimamishwa kwa idhini ya daktari wa figo, pamoja na vipimo vya karibu karibu. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu za duka la dawa, huidhuru figo moja kwa moja, na hazifai. Siku ya kupima, mgonjwa aje na dozi yake ya takrolimusi ya asubuhi bila kuimeza, na amweleze muuguzi saa aliyomeza dozi ya jana usiku, ili damu itolewe kwanza na saa hiyo iandikwe kwenye fomu ya maabara.