Ameachiwa huru, lakini DPP bado yupo

Wengi hudhani kesi ya mauaji iliyojengwa juu ya ushahidi wa mazingira, ile ambayo hakuna shahidi aliyeona panga likishuka, jaji akishaitupa imekwisha. Kwa uzoefu wangu wa uwakili, hiyo ndiyo kesi ambayo rufaa inaweza kuipindua kirahisi zaidi.

Tuanze na kipimo chenyewe cha ushahidi wa aina hii. Mnamo 1952, katika rufaa ya Teper iliyotoka Guiana ya Uingereza, majaji walikumbusha kisa cha Yusuf: kikombe cha fedha kimekutwa kwenye gunia la Benyamini, ndugu zake wakaamini papo hapo kwamba kaiba. Kumbe kiliwekwa kwa amri ya Yusuf mwenyewe. Kisa hicho tunacho kwenye Biblia na kwenye Sura Yusuf, kwa hiyo sina haja ya kukieleza zaidi. Mwaka 1958, katika kesi ya Simoni Musoke, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba mazingira yasipatane kabisa na kutokuwa na hatia, wala yasiwe na maelezo mengine ya busara. Kuonekana na marehemu mara ya mwisho, au kukutwa na simu yake, hakutoshi kama kuna njia nyingine ya kueleza jambo hilo.

Sasa rufaa. Jaji akisema "shahidi huyu nilimwona anababaika, simwamini", Mahakama ya Rufani husita kumwingilia, maana yenyewe haikumwona. Lakini akisema "ukweli huu naukubali, ila haunifikishi kwenye hatia", hapo hakuna cha macho. Ni hoja tupu, na majaji watatu wenye mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani) mezani wanaweza kuipima sawasawa na yeye. Kifungu cha 6(2) cha Sheria ya Mamlaka ya Rufani ya Tanzania kinamruhusu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kupinga uamuzi wa Mahakama Kuu wa kumwachia mshtakiwa, na hafungwi na hoja za sheria peke yake.

Mfano ambao Watanzania wanaujua ni kesi ya Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa polisi Dar es Salaam. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Dar es Salaam. Polisi wakasema marehemu walikuwa majambazi, lakini baadaye polisi wenyewe wakashtakiwa kwa mauaji hayo. Agosti 2009 Jaji Massati aliwaachia huru polisi wote tisa waliobaki kizimbani, Zombe akiwemo. DPP akakata rufaa, ikatupwa kwa kasoro ya taarifa ya rufaa (karatasi moja tu, jamani!), akarudi upya dhidi ya wanne kati yao. Septemba 2016 Zombe na wenzake wawili wakabaki huru. Afisa mmoja, ambaye ushahidi ulimweka kwenye msitu wa Pande, mahali pa mauaji, akahukumiwa kunyongwa. Zombe alikuwa mkubwa wao kikazi, lakini hakuwa eneo la tukio, na cheo peke yake hakimfanyi mtu kuwa mshiriki wa mauaji. Mtaani wengi hawakuridhika. Mimi naona mahakama ilipatia kumpima kila mmoja peke yake.

Ndiyo maana nikimtetea mjibu rufani, yaani aliyeachiwa huru kisha DPP akamkatia rufaa, sipotezi muda kumsifu jaji wa kwanza. Napekua mwenendo wa kesi kutafuta maelezo mengine ya tukio ambayo upande wa mashtaka haukuyavunja. Nikiyapata, nayaweka mbele ya majaji kwanza kabla ya hoja nyingine yoyote.