Pembe ya propela si balansi

Hapa Malindi, gari la porini likianza kutetemeka baada ya kuinuliwa, yaani kuongezewa urefu kutoka ardhini, jibu huwa ni lile lile: "Propela haina balansi." Atakwambia fundi, atakwambia dereva anayepeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, atakwambia mwenye pikapu ya kubebea maembe kutoka Marafa. Propela, lile bomba la chuma chini ya gari linalopeleka mzunguko kwenye eksele, inafunguliwa, inatumwa Mombasa kwa basi, inarudi imechomelewa vipande vipya vya chuma, inafungwa, na gari linatetemeka vile vile. Pesa zimekwenda, ubovu uko pale pale. Nimeyasikia haya mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu ubovu wenyewe hupimika kwa dakika chache chini ya gari.

Mara nyingi ni pembe. Pembe ya propela ni tofauti ya mwinamo kati ya propela na kile ilichoungwa nacho kwenye krosi, kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu kukunjika ikizunguka. Propela ya kawaida ina krosi mbili, basi pembe nazo ni mbili: ya juu, inapotoka kwenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), na ya chini, inapoingia kwenye difu (gia kubwa ya katikati ya eksele). Balansi ni habari nyingine kabisa: ni uzito wa propela kugawanyika sawasawa kuzunguka mhimili wake. Propela inaweza kuwa na balansi safi kutoka mashineni, ikafungwa kwenye pembe mbovu, ikatetemesha gari hadi vioo vilie.

Kwa nini pembe itetemeshe? Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo penye jambo lote. Krosi ikiwa imekunjwa, haipitishi mzunguko kama ilivyoupokea. Upande wa transfa unazunguka kwa mwendo mmoja, lakini upande wa pili wa krosi unaharakisha na kupunguza, unaharakisha na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 3, tofauti hiyo ni ndogo sana, kama sehemu moja na nusu katika elfu kwenda juu na chini. Ikifika digrii 10, imekuwa kama asilimia moja na nusu. Inaonekana haba, mpaka ukumbuke kwamba chuma hicho kizito kinasukumwa na kuvutwa hivyo makumi ya mara kwa sekunde.

Watu hudhani ukweli huu umegunduliwa na wauzaji wa vifaa vya kuinulia magari. La. Krosi hubeba jina la Girolamo Cardano, Mtaliano wa karne ya 16, ingawa pete zinazobembea moja ndani ya nyingine zilijulikana kale kabla yake. Ndizo pete zile zile zinazoshikilia dira ya baharini ikae sawa chombo kinapolala upande, na mtu wa pwani aliyewahi kuchungulia kasha la dira ameshaiona nusu ya krosi ya gari lake. Katika karne ya 17, Mwingereza Robert Hooke alizitumia kupitisha mzunguko kutoka fimbo moja hadi nyingine iliyokaa kwa pembe, na aliona wazi kwamba mzunguko unaotoka hauko sawa. Tena hakuuona kuwa kasoro. Aliona kwamba unakwenda sawasawa na kivuli cha saa ya jua, ambacho nacho hakisogei kwa mwendo mmoja siku nzima. Na ni yeye aliyeonyesha kwamba krosi mbili zikiunganishwa, ya pili inaweza kufuta kile kilichofanywa na ya kwanza. Gari lilikuwa bado miaka mia mbili mbele.

Kufutana huko ndiko kunakofanya propela zetu zitulie, na kuna masharti mawili: pembe ya juu na ya chini ziwe sawa, na yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za propela zikae kwenye mstari mmoja. Sharti la pili huvunjwa kwa uzembe mdogo tu: fundi anachomoa propela kwenye meno yake bila kuweka alama, anairudisha imepishana, na krosi badala ya kufutana zinaongezeana. Weka alama ya rangi kwanza. Usisahau pia kwamba zipo propela za mbele ambazo zimetoka kiwandani zikiwa zimepishana makusudi, kwa sababu pembe zake mbili hazikupangwa kulingana. Alama ndiyo itakayokuokoa, si jicho.

Sharti la kwanza ndilo linalovunjwa na kuinua. Giaboksi na transfa hupanda pamoja na bodi, difu hubaki chini na eksele. Propela inasimama zaidi, na pembe zote mbili zinakua. Kama difu ingebaki na mwelekeo wake wa awali, pembe zingekua kwa pamoja na kuendelea kufutana. Ila kwa kawaida haibaki. Vipande vilivyoongezwa chini ya springi, au mikono ya eksele iliyoshuka, huizungusha eksele kidogo, na pua ya difu, pale propela inapoingia, ikaangalia kwingine.

Mfano wa hesabu. Gari limesimama pahali tambarare, uzito wote juu ya magurudumu, si kwenye jeki. Mhimili wa transfa unainama digrii 4 kuelekea nyuma, propela inainama 10, na pua ya difu imeinuka digrii 1. Pembe ya juu ni 6, ya chini ni 9. Hazifutani. Kabari ya chuma ya digrii 3 kati ya springi na eksele, upana wake ukiwa upande unaoinua pua ya difu, itazileta karibu na 6 kwa 6. Tofauti ikiwa ndani ya digrii 1, mara nyingi gari hutulia. Pima tena baada ya kufunga, maana propela nayo itakuwa imesogea kidogo.

Pembe zikilingana lakini ni kubwa mno, difu itapata mzunguko uliotulia, ila propela yenyewe katikati bado inaharakisha na kupunguza, na mtetemo unabaki. Hapo kabari haitoshi. Ama ushushe kidogo boriti inayobeba giaboksi, ama ufunge propela yenye krosi mbili zilizoshikanishwa pamoja upande wa transfa, na pua ya difu ielekezwe moja kwa moja kwenye propela. Na usitafute sifuri: krosi inataka angalau nusu digrii ili misumari ya beringi zake izunguke isije ikachimba mahali pamoja.

Balansi nayo ipo, sikatai. Uzito uliochomelewa ukidondoka, propela ikigonga jiwe, au tope la barabara ya Baricho likikaukia upande mmoja, balansi imekwenda. Lakini mtetemo huo huja mara moja katika kila mzunguko, hukua na mwendo, na haujali kama umekanyaga mafuta au umeachia. Wa pembe huja mara mbili, na mara nyingi hubadilika ukikanyaga na ukiachia, kwa sababu springi hujipinda na pua ya difu huinuka na kushuka. Kama gari lako lina hab (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono, zifungue, uendeshe bila 4x4. Mtetemo ukibaki, propela ya mbele haina hatia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukifika gereji usiseme "nifanyie balansi." Mwambie fundi mtetemo unaanza mwendo gani, na unakuwaje ukiachia mafuta. Halafu muombe apime hiyo miinamo mitatu, ya transfa, ya propela na ya difu, kabla hajagusa nati hata moja.