Unaogopa sindano ya mgongo? Mwambie mtaalamu wa usingizi kabla ya siku ya upasuaji

Mgonjwa aliyeteswa na goti au nyonga kwa miaka mingi akifika kliniki ya maandalizi ya upasuaji, mara nyingi ameshamaliza kubishana na moyo wake. Amekubali kiungo bandia, amekubali kisu, amekubali na wiki za mazoezi yatakayofuata. Kinachomkwamisha ni sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini ili apasuliwe akiwa macho. Wapo wanaoahirisha upasuaji kwa ajili ya sindano hiyo tu. Wapo pia wanaosaini fomu ya ridhaa huku mikono inatetemeka, wasiseme neno. Hawa wa pili ndio wanaotutia wasiwasi zaidi sisi wataalamu wa usingizi, kwa sababu hofu ambayo hatujaisikia hatuwezi kuitibu.

Kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii. Hofu ya ganzi ya mgongo ni hofu kadhaa zilizojibanza mahali pamoja, na kila moja ina jibu lake. Anayeogopa kupooza hatulizwi na habari kwamba sindano haiumi sana, na anayeogopa kusikia nyundo ikigonga mfupa wake hana haja na takwimu za kupooza. Kwa hiyo jiulize kwanza: mimi hasa naogopa nini?

Kupooza

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Kamba kuu ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo haiendi mpaka mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini kuna mishipa iliyokwisha kuachana, inayoelea ndani ya maji ya uti wa mgongo kama tambi kwenye mchuzi. Sisi tunachoma chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Mtaalamu akikushika kiunoni kwa mikono miwili kabla ya kuchoma, anatafuta vilele vya mifupa ya nyonga, kwa sababu mstari unaoviunganisha hupita karibu na pingili ya nne. Sindano yenyewe ina unene wa takriban nusu milimita, na ncha ya zile zinazopendelewa siku hizi imeundwa kuzisukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata.

Je, madhara ya kudumu yapo? Yapo, na una haki ya kuambiwa. Nchini Uingereza, chuo cha kifalme cha madaktari wa usingizi kilifuatilia kwa mwaka mzima hospitali za umma, ambako ganzi za mgongo za aina zote zinakadiriwa kuzidi 700,000 kwa mwaka, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Hata pale kila kesi yenye shaka ilipobebeshwa ganzi, madhara ya kudumu yalikuwa takriban watu 4 katika kila 100,000. Waliopooza miguu au kufa hawakufika 2 katika kila 100,000. Tena madhara ya ganzi ya mrija unaoachwa mgongoni yalikuwa angalau mara mbili ya yale ya sindano moja, na sindano moja ndiyo inayotumika sana kwa goti na nyonga.

Hofu hii haikuzuka hewani. Tarehe 13 Oktoba 1947, katika hospitali moja ya Chesterfield, Uingereza, wanaume wawili, Woolley na Roe, walichomwa ganzi ya mgongo kwa ajili ya upasuaji mdogo na wote wawili wakapooza. Kesi yao ilifika mahakamani. Mahakama iliamini kwamba dawa ya kuua vijidudu, ambamo chupa za ganzi zilikuwa zimelowekwa, ilipenya kupitia nyufa zisizoonekana. Baadaye wataalamu walishuku zaidi tindikali ya kusafishia chombo cha kuchemshia vifaa. Vyovyote iwavyo, kilichowaumiza ni uchafuzi. Madaktari wa Uingereza waliikwepa ganzi hiyo kwa miaka mingi baada ya hapo. Leo dawa huja kwenye kichupa cha mtu mmoja kilichofungwa kiwandani, na sindano hufunguliwa mbele yako, ikatumika mara moja na kutupwa. Ukitaka kuviona kabla ya kuchomwa, omba uonyeshwe.

Simulizi za wodi ya wazazi

Hapa kwetu hofu nyingi hutokea wodi ya wazazi. Karibu kila ukoo una dada au shangazi aliyejifungua kwa upasuaji, akachomwa sindano ya mgongo, na tangu siku hiyo analalamika mgongo. Maumivu yake ni ya kweli, na si vizuri kumbeza. Lakini ujauzito wenyewe huulegeza mgongo, kisha zinafuata kuinama, kubeba mtoto na kunyonyesha usiku kucha, na wanawake waliojifungua bila sindano yoyote huumwa mgongo vilevile. Sindano inaweza kuacha kidonda cha ndani pale ilipopita, kikauma siku chache kama pale palipochomwa sindano ya bega, kisha kikapona. Maumivu ya miaka kumi yanahitaji kutafutiwa chanzo kingine.

Kuumwa kichwa ni kweli kunatokea. August Bier, daktari wa Kijerumani aliyefanya ganzi ya mgongo ya kwanza mjini Kiel mwezi Agosti 1898, aliijaribu pia kwake mwenyewe kwa msaada wa msaidizi wake, na akaumwa kichwa kwa siku kadhaa. Sababu ni maji ya uti wa mgongo kuvuja kupitia tundu la sindano, na sindano za wakati ule zilikuwa nene. Kwa sindano nyembamba za leo ni wachache wanaopata shida hiyo, na kadiri umri unavyosonga ndivyo uwezekano unavyopungua. Bibi wa miaka 70 anayebadilishiwa goti ana nafuu hapa kuliko mjukuu wake anayejifungua. Vijana wenye selimundu, ambao nyonga zao huharibika mapema na ambao tunawapokea kila mara, tunawaeleza jambo hili kwa kirefu zaidi kwa sababu umri wao unawaweka karibu na hatari hiyo. Tiba ipo, na kwa wachache wanaozidiwa tunachukua damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe na kuiingiza mgongoni ili izibe tundu.

Wanaume wana hofu moja ambayo hawaitaji mbele ya mke wala mtoto: kwamba sindano itawamalizia nguvu za kiume. Dawa ya ganzi huisha mwilini siku hiyohiyo, na hisia zote hurudi. Haja ndogo inaweza kuchelewa kidogo, na wakati mwingine huwekwa mpira wa mkojo kwa muda. Mzee, ukitaka kuuliza hili faraghani, mwambie muuguzi awatoe ndugu nje kwa dakika tano.

Kuwa macho wakati unakatwa

Kwa wengi hili ndilo linalotisha kuliko sindano yenyewe, na linaelezwa kidogo mno, kwa hiyo nalieleza hatua kwa hatua.

Utakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mto kifuani, kidevu kimeshuka, mgongo umeviringwa kuelekea kwa anayechoma. Muuguzi atasimama mbele yako na kukushika mabega. Mgongo utapakwa dawa ya baridi mara mbili au tatu. Kisha huja sindano ndogo ya kuua maumivu ya ngozi, ambayo huchoma kwa sekunde chache, na kwa wengi hiyo ndiyo sehemu inayouma zaidi. Baada yake utahisi mkandamizo. Mshtuko kama wa umeme ukishuka mguuni, usiruke. Sema tu "kulia" au "kushoto", na mtaalamu ataelekeza sindano upya. Pingili za mtu mwenye umri mkubwa mara nyingi zimesogeleana na kukakamaa, kwa hiyo kujaribu zaidi ya mara moja ni jambo la kawaida na haina maana kwamba kuna kilichoharibika.

Dawa ikiingia, nyayo hupata joto. Kisha miguu inakuwa mizito, na ndani ya dakika 5 hadi 10 huwezi kuiinua. Presha inaweza kushuka ukahisi kichefuchefu au kizunguzungu. Sema mara moja, dawa yake iko tayari mkononi. Waweza pia kuhisi kwamba magoti yako bado yamekunjwa ilhali unayaona yamenyooshwa. Ubongo umebaki na mkao wa mwisho uliokuwa nao kabla ganzi haijashika, na hali hiyo hupita yenyewe.

Kabla ya kisu tunakupima kwa pamba yenye spiriti au kwa barafu. Ubaridi ukiwa bado unasikika pale patakapopasuliwa, upasuaji hauanzi. Tunasubiri, tunarudia, au tunakupa dawa ya usingizi. Na kama ganzi ikipungua katikati ya kazi, jambo ambalo si la kawaida kwa sababu hudumu saa 2 hadi 4, mtaalamu yuko kichwani pako muda wote. Haondoki kwenda kunywa chai.

Kuguswa, kuvutwa na kutikiswa utakuhisi, maumivu hapana. Pazia litakuzuia usione. Sauti zipo: msumeno wa mashine, na nyundo inayokaza kiungo bandia mahali pake, na kila pigo linatikisa mwili hadi mabegani. Saruji ya mifupa ikichanganywa hutoa harufu kali inayofanana na ya rangi ya kucha. Nayataja haya kwa sababu mgonjwa aliyeyatarajia huyapokea kwa utulivu, wakati yule aliyeahidiwa kimya kitupu hudhani kuna jambo limeharibika.

Asiyetaka kusikia hayo hana sababu ya kuvumilia. Tunaweza kukupa dawa ya kusinzia kupitia dripu, ukalala usingizi mwepesi huku ukipumua mwenyewe na ganzi ikifanya kazi yake. Unaweza pia kuja na spika za masikioni. Muziki umeonekana katika tafiti nyingi kupunguza wasiwasi wa upasuaji, na wagonjwa wetu husikiliza wanachokipenda: Kurani, kwaya, taarabu. Pakua sauti kwenye simu nyumbani, kwa sababu mtandao wa chumba cha upasuaji haukuhakikishii kitu. Uliza pia mapema kama hospitali yako inaruhusu.

Kwa nini tunaipendekeza, na lini hatuitumii

Madaktari wengi wanaipendelea kwa goti na nyonga kwa sababu damu inayopotea hupungua, mgonjwa huamka bila maumivu makali ya ghafla, na njia ya hewa haiguswi. Hata hivyo si sahihi kumtisha mgonjwa kwamba nusu kaputi, yaani usingizi kamili, itamuua. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, ulilinganisha njia hizi mbili na haukukuta tofauti katika vifo wala uwezo wa kutembea baada ya siku 60. Wale walikuwa wagonjwa wa kuvunjika, si wa kubadilishiwa kiungo kwa mpango, lakini unatosha kuonyesha kwamba usingizi kamili nao ni njia halali. Ukishaelezwa vizuri na moyo ukakataa, kataa. Huvunji heshima ya daktari.

Wengine hatuwachomi hata wakitaka: wenye damu isiyoganda vizuri, wenye maambukizi kwenye ngozi ya mgongo, na baadhi ya wenye matatizo ya valvu za moyo. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wafarini, klopidogreli au rivaroksabani, njoo nayo kliniki kwenye pakiti yake. Usiiache mwenyewe na usiifiche, kwa sababu siku ya kuisimamisha inapangwa kulingana na aina ya dawa na ugonjwa ulionao. Dawa za mitishamba nazo zitaje. Hakuna atakayekugombeza.

Siku zinazobaki

Andika maswali yako kwenye karatasi, hata matatu tu, na umpe mtaalamu wa usingizi mkononi. Ukikosa pa kuanzia, mpe hofu yako alama kutoka sifuri hadi kumi. Anayesema "nane" atapangiwa mambo tofauti na anayesema "mbili": labda dawa ya kutuliza, labda kupangwa wa kwanza kwenye orodha ili asikae akisubiri tangu alfajiri. Kama umewahi kuzimia kwa kuona sindano, sema. Tutakuchoma ukiwa umelala ubavu.

Fanya mazoezi ya mkao ule wa mto kitandani kwako jioni. Kaa, viringa mgongo, vuta pumzi puani taratibu, kisha itoe mdomoni kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Dakika chache kwa siku zinatosha. Goti likikuzuia kukaa hivyo, ni vizuri tulijue kabla.

Watu wa nyumbani nao wana kazi yao. Usiku wa kuamkia upasuaji si wakati wa kusimulia ya jirani aliyechomwa akaharibika. Kama mna jambo la kuuliza, njooni naye kliniki mliulize mbele yake.

Baada ya upasuaji miguu hurudi polepole, na vidole huanza kucheza kabla hujaweza kuinua mguu. Usishuke kitandani peke yako hata ukijisikia vizuri. Mwite muuguzi au daktari ikiwa ganzi haijapungua baada ya saa 4, au imeondoka kisha ikarudi, ikiwa mkojo umeziba, au mgongo unauma sana na mguu unazidi kudhoofu. Ukisharudi nyumbani, kichwa kinachouma ukikaa na kutulia ukilala, homa, au usaha pale palipochomwa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.